Fupi, Fupi, Ndefu

Bwana Entwistle aliivuta ile droo mpaka ikatoka yote, akaiweka katikati ya meza ya kazi, kisha akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeleta mezani nyama ya kuoka ya Jumapili.

"Hizo hapo," alisema. "Hakuna hata moja iliyopotea."

Tuliinama kutazama. Chipu zetu za umeme zilikuwa zimelala kwenye sponji jeusi, mstari kwa mstari, miguu imezama na migongo juu. Zote nyeusi, zote na miguu minane, zote na namba ileile mgongoni. Kazi ya kuzipanga alikuwa ameifanya kwa moyo. Hata zile zilizopinda miguu alikuwa amezinyoosha kwa koleo. Bi Pilling, mwalimu wetu wa pili, alivuta kigoda, akakaa.

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza baada ya likizo ya Pasaka, na mkaguzi wa mtihani alikuwa anakuja kesho yake.

Sina budi kurudi nyuma kidogo. Karakana ya shule yetu pale Accrington ilikuwa ya Bwana Entwistle tangu zama ambazo wavulana walifundishwa useremala na wasichana wakapelekwa kuoka keki. Mimi nilipofika, somo lilikuwa limekwisha badilishwa jina mara kadhaa, na wakati huo liliitwa usanifu na teknolojia, maneno ambayo yeye aliyatamka kama anayetoa unywele mdomoni. Alivaa koti la kahawia, lina kalamu mfukoni na vumbi la mbao mabegani, na sheria yake ilikuwa moja tu: kila kitu kirudi mahali pake. Ukutani, nyuma ya kila randa, tupa na patasi, alikuwa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, hivyo kifaa kikikosekana ukuta wenyewe unakusema. Hakuna aliyetoka mpaka ukuta ujae.

Vipande vya umeme navyo vilikuwa na droo zao. Kila mwaka likizo ya Pasaka ikianza, alikuwa akibaki peke yake na kuzichomoa chipu kwenye bodi za wanafunzi, moja moja, kwa bisibisi nyembamba, azirudishe kwenye droo. Chipu ilikuwa mali ya shule, na shule yetu ilikuwa na mkono wa birika. Mkaguzi akija, unachukua yoyote, unaichomeka popote, taa inawaka. Chipu za zamani ndivyo zilivyokuwa. Zilijua kazi moja, na zote zilijua kazi ileile.

Ndipo akaja Bi Pilling kutoka chuoni Manchester, nywele fupi, mkoba mzito, na chipu za aina nyingine. Hizi, alituambia, hazijui chochote mpaka uzifundishe. Unaandika maagizo kwenye kompyuta, unayatuma kwa waya, na chipu inayashika, hata ukiiondolea umeme haisahau. Alimpa kila mmoja wetu bodi iliyofanana na ya mwenzake: kitufe, jicho la kuhisi mwanga, taa na king'ora kidogo.

"Tofauti yenu haitakuwa kwenye waya," alisema. "Itakuwa humu ndani."

Bwana Entwistle alikuwa amesimama nyuma ya darasa, mikono kifuani.

"Mimi nikiona risasi ya kuunganishia ilivyoshika waya nakwambia ni kazi ya nani bila kuuliza," alisema. "Duckworth huunguza. Shazia huweka tone dogo, utadhani anainunua kwa pesa yake. Sasa hii, Bi Pilling, mkono wa mtu utauona wapi?"

"Utauona, Bwana Entwistle."

"Umefungiwa ndani ya plastiki."

Hawakugombana. Walikunywa chai ya birika moja kila siku saa nne, Bwana Entwistle akisoma gazeti, Bi Pilling akisahihisha kazi zetu. Lakini sisi tulijua kwamba mmoja wao anangoja mwenzake akosee.

Mimi wakati ule nilikuwa na miaka kumi na sita na jambo moja tu kichwani, nalo lilikuwa mlango wa bibi yangu.

Bibi mzaa mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufuma pamba tangu ujana wake, na kelele za mashine zilimla masikio kabla hajafika umri wa kati. Alisoma midomo. Angeweza kusengenya na mwenzake kutoka upande wa pili wa sokoni bila kutoa sauti, na ukimgeuzia kisogo ni kama hujasema kitu. Babu alipokuwa hai alikuwa akiingia ndani na kupiga buti sakafuni, fupi, fupi, ndefu, naye Bibi alilipata lile pigo kwa nyayo zake popote alipokuwa ndani ya nyumba. Babu alipofariki, nyumba ikawa haina wa kupiga sakafu.

Februari ile, kaka yake mama, Mjomba Clifford, alikuja kutoka Preston bila taarifa. Alibonyeza kengele, akagonga, akaita kwenye tundu la barua. Kisha akazunguka nyuma na kuvunja kioo kwa kiwiko, akiamini anakwenda kumkuta maiti. Alimkuta Bibi anakula mkate wa kuchoma na kutazama mashindano ya snuka kwenye televisheni. Wengine wangecheka. Mjomba alikaa kwenye ngazi akalia, na alipomaliza kulia alikuwa amekata shauri kwamba mama yake aende kwenye nyumba ya wazee kule Lytham, karibu na bahari, yenye bustani.

"Bustani ninayo," Bibi alisema.

Mama alimsihi mjomba sana. Akamwambia kwamba Janine, yaani mimi, alikuwa anatengeneza taa shuleni, taa ya kumwonyesha Bibi kuna mtu mlangoni. Mjomba alikubali kwa shingo upande, akatoa sharti.

"Jumapili ya kwanza baada ya shule kufunguliwa nitakuja," alisema. "Nitabonyeza kengele kama mtu yeyote. Asiambiwe, asisaidiwe. Akifungua, sitalisema tena jambo hili. Asipofungua, siku hiyohiyo tunakwenda Lytham kutazama chumba."

Bibi, ambaye sharti hilo hakulijua, alikuwa na lake. Nilipomweleza habari ya taa alinikazia macho mdomoni mpaka nikamaliza.

"Sitaki taa ya kila mpita njia," alisema. "Nataka nijue ni mtu wa nyumbani au ni wale wanaouza madirisha mlango kwa mlango."

Kwa hiyo niliifundisha chipu pigo la Babu. Ukibonyeza fupi, fupi, ndefu, taa ilikuwa iwake yote na kutulia. Ukibonyeza vinginevyo, imulike polepole mara chache na kuzima. Kuandika hayo kwa maneno ni rahisi. Kuifundisha chipu tofauti ya kidole cha mtu mwepesi na kidole cha mtu mzito kulinichukua wiki zote zilizobaki za muhula, na nilipokuwa nikitafuta muda sahihi wa kila pigo nilikuwa nikigonga meza kwa vidole bila kujijua.

"Ormerod," Bwana Entwistle alikuwa akisema kutoka mwisho wa karakana, akiniita kwa jina la ukoo, "meza hiyo imekukosea nini?"

Turudi kwenye droo. Bi Pilling alikuwa bado kwenye kigoda.

"Bwana Entwistle," alisema taratibu, "kila moja ina programu ya mwenyewe."

"Ni za namba ileile. Nimezisoma zote kwa miwani."

"Namba ni moja. Kilichomo si kimoja."

Duckworth, kijana ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisema, "Kwani si tunazijaza tena tu?" na sote tukageuka kutazama kona ya kompyuta. Ilikuwapo kompyuta, mpya, kioo chake bado kina karatasi ya dukani. Ile ya zamani ilikuwa imechukuliwa wakati wa likizo, na kazi zetu zote ndani yake. Nakala hakuna aliyeweka. Ile ilikuwa karakana. Kazi iliyokwisha ni ile iliyo mkononi mwako, na hakuna mtu anayeweka nakala ya kigoda.

"Nilikusudia kufanya hivyo baada ya Pasaka," Bi Pilling alisema, lakini hakuwa anamwambia mtu.

Alama za mtihani hazikunijia hata kidogo. Nilimwona Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki kule Lytham, katikati ya watu ambao hawajui kwamba ukitaka kusema naye lazima umtazame.

Uso wa Bwana Entwistle ulipauka, kisha ukaiva. Alitazama ile droo yake nzuri kwa muda. Hakusema samahani, na kwa kweli sijui kama neno hilo aliwahi kulitumia. Alivua koti la kahawia, kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukishuhudia, akalitundika, akakunja mikono ya shati.

"Nipeni bodi moja," alisema. "Yoyote. Na betri isiyochoka."

Alichomeka chipu ya kwanza, akabonyeza kitufe. King'ora kililia papo hapo na taa ikapapatika kama imemwagiwa maji ya moto. Aliichomoa na kuisukuma mbele.

"Duckworth."

"Umejuaje, mwalimu?"

"Haijangoja hata niondoe kidole."

Tulicheka, kwa woga zaidi kuliko kwa furaha. Ya pili ilikaa kimya alipobonyeza. Akaliziba lile jicho la mwanga kwa kiganja, kimya. Akaliachia, akaliziba tena, kimya. Mara ya tatu king'ora kikatoa sauti moja fupi, ya adabu.

"Hii inahakikisha mara tatu ndipo iseme neno," alisema. "Shazia Mahmood."

Shazia aliipokea akiona haya. "Ni ya kufunga banda la kuku wa shangazi," alisema. "Sikutaka wafungiwe nje kwa sababu ya wingu."

"Ndiyo. Nimesema ni yako."

Nyingine ilianza kupiga wimbo wa mashabiki wa timu ya Burnley, na Bwana Entwistle, aliyekuwa mtu wa wapinzani wao Blackburn damudamu, aliichomoa kabla haijafika mstari wa pili. "Kershaw, chukua uchafu wako." Nyingine iliwaka, ikazima, ikawaka tena kana kwamba imebadili mawazo, naye akamtazama msichana mmoja ambaye kila mwezi alikuwa na rafiki mpya, akampa bila kutaja jina. Hakukosea. Alikwenda polepole, na kadiri alivyokwenda ndivyo tulivyozidi kumsogelea, mpaka hata waliokwisha kupata zao wakabaki wamesimama. Bi Pilling alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Nakumbuka kwamba Bwana Entwistle, ambaye siku zote alizigusa zile chipu kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, sasa alikuwa akizishika kwa kiganja.

Mwishowe zikabaki chache tu, na zote zilifanya jambo moja: ukibonyeza, taa inamulika polepole mara chache na kuzima. Lilikuwa zoezi la wiki ya kwanza. Wavivu wa darasa walilimaliza hilo, wakaona inatosha, na mwaka mzima uliobaki wakautumia kupiga soga.

"Hizi tuzigawe tu," Bi Pilling alisema. "Hazina tofauti."

Yangu ilikuwa humo. Ilikuwa imejificha katikati ya wavivu, inammulikia kila mgeni kama nilivyoifundisha.

Bwana Entwistle alinitazama juu ya miwani.

"Ormerod hajapata yake."

"Bado, mwalimu."

"Na wewe si mvivu. Una maudhi mengine."

Alichomeka chipu moja kati ya zile. Kidole chake, kipana, kucha imekatika zamani na patasi, kilitua juu ya kitufe, na niliona midomo yake ikihesabu. Fupi, fupi, ndefu. Taa ikamulika polepole, ikazima. Akachomoa, akachomeka nyingine. Fupi, fupi, ndefu. Ikamulika, ikazima. Akachomeka ya tatu, akabonyeza, na kwa muda hakukuwa na kitu, maana yangu ilikuwa inasubiri kwanza kuhakikisha kwamba anayebonyeza amemaliza. Kisha taa ikawaka yote, nyeupe, ikatulia.

"Muhula mzima umenigongea hiyo," alisema. "Hata nikinyoa ndevu naisikia."

Hakunipa papo hapo. Aliiacha ikiwaka mbele yake, mikono juu ya meza, akiitazama kama alivyokuwa akitazama maungio ya mbao yaliyokaa sawa.

"Haya," alisema, bila kumgeukia Bi Pilling. "Mkono wa mtu nimeuona."

Bi Pilling alijibu "Ndiyo" tu, akaanza kutafuta leso kwenye mkoba.

Alasiri ile Bwana Entwistle alifungua makopo ya rangi ya mafuta na kutia nukta mgongoni mwa kila chipu, kila mtu na rangi yake, kwa brashi ya nywele chache. Yangu ilipata njano. Siku ya pili mkaguzi aliuliza nukta zile ni za nini, akajibiwa kwa uso mkavu kwamba ndio utaratibu wetu. Mkaguzi akasema ni utaratibu mzuri. Majira ya joto yaliyofuata Bwana Entwistle alistaafu, akapewa saa ya ukutani ambayo nasikia aliifungua yote siku hiyohiyo kuona ndani. Mimi siku hizi natengeneza lifti, na kila chipu ninayoichomoa naitia nukta ya rangi kabla ya kuiweka chini. Wenzangu kazini wananitania kwamba napaka kucha.

Jumamosi, kwa ruhusa ya Bwana Entwistle, niliifunga taa kwa Bibi, kitufe chake mlangoni mahali pa kengele, taa yenyewe juu ya rafu iliyo juu ya moto wa gesi, kando ya saa. Nilimwonyesha mara moja tu. Alisoma midomo yangu, akasema ameelewa, akanipa biskuti.

Jumapili ilinyesha tangu asubuhi. Mimi na Mama tulikaa jikoni, mlango umeachwa wazi kiasi, kama mjomba alivyotaka. Bibi alikuwa sebuleni na chai yake, miguu karibu na moto. Taa ikamulika, polepole, mara chache, ikazima.

Bibi aliitazama. Kisha akachovya biskuti ya tangawizi kwenye chai.

"Mtu wa madirisha," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya kiwandani.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Ndipo nikaelewa. Mjomba alikuwa ameahidi kubonyeza kama mtu yeyote, na mimi nilikuwa nimetengeneza taa inayommulikia mtu yeyote kama mgeni. Akilini mwangu nilidhani mgeni naye hufunguliwa mlango. Sikumjua Bibi vya kutosha.

Taa ikamulika tena.

"King'ang'anizi," Bibi alisema.

Mara ya tatu aliweka kikombe chini kwa kishindo, akajizoa kwenye kiti na kwenda mlangoni akiwa amekwisha kasirika. Sisi tulimfuata mpaka mlango wa jikoni na tukaishia hapo.

"Nimewaambia madirisha yangu ni mazima," alisema akifungua, na mbele yake alikuwa mwanawe, amelowa, amebana kijitabu cha picha za Lytham chini ya koti.

Mjomba alitamka polepole, midomo ikionekana. "Mama. Taa umeiona?"

"Nimeiona. Mara tatu."

"Mbona hukufungua?"

"Nilidhani ni mtu baki."

Hakuwa anamsuta. Aliyasema hayo kama anayesema chai imepoa. Mvua ilikuwa inamchuruzika mjomba kutoka nywele hadi ukosi, naye hakujifuta.

"Baba yako hakuwa akiingia hivyo," Bibi alisema.

Kuna vitu huonekana kwenye uso wa mtu mzima ambavyo mtoto hapaswi kuviona, na mimi nilikuwa bado mtoto kiasi cha kutazama pembeni. Nilipotazama tena mjomba alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye ngazi ya nje, na mkono wake ulikuwa unauvuta mlango. Ukafungika.

"Anaondoka," Mama alinong'ona.

Bibi alibaki amesimama ukumbini, uso kwenye mlango uliofungwa, hasikii mvua, hasikii kama kuna gari linalowashwa. Nami nilisikiliza kwa niaba yake na sikusikia gari.

Kisha taa ikawaka yote, ikatulia, na sebule nzima ikawa nyeupe. Mwanga ulitoka mlango wa sebule ukampiga Bibi begani, ukafika mpaka kwenye makoti yaliyotundikwa. Aligeuka kuutazama. Akaziweka nywele sawa kwa kiganja, akafungua mlango kana kwamba siku ile ulikuwa haujafunguliwa bado.

"Ni wewe," alisema. "Futa viatu."

Mjomba Clifford akafuta viatu, upande huu na upande huu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.